Jinsi ya kufunga bomba za ovaflo kwenye tangi la samaki wa maji chumvi bila kelele na bila kumwaga maji sakafuni

Ukisikia tangi la maji chumvi linakoroma usiku kucha, ile gluu gluu kama choo kimevutwa maji, jua hiyo sio pampu, hiyo ni hewa na maji vinagombania bomba moja. Na ukisikia mtu kaamka asubuhi kakuta zulia limelowa chumba kizima, mara nyingi ni bomba moja lililozibwa na konokono au fundo la mwani, na hakukuwa na bomba la pili la kusaidia. Hewa na kuziba, hayo mawili ndo karibu kila kitu kwenye kazi hii, mengine ni vipimo na uvumilivu wa kusubiri gundi ikauke.

Tuanze na mfumo wenyewe unavofanya kazi. Maji ya tangi la juu yanavuka ukingo wenye meno, yanaingia kwenye kiboksi cha ovaflo, yanashuka kwa bomba mpaka kwenye sampu, yaani tangi la pili lililo kabatini chini, huko ndo kuna skima ya kutoa uchafu na hita na vikorokoro vingine vyote, afu pampu inayarudisha juu. Kushuka hakuna mashine, ni uzito wa maji tu. Ndo maana ovaflo inashusha kile tu ambacho pampu imepandisha, wala huhitaji kununua pampu "inayolingana" na bomba la kushuka, unachohitaji ni bomba la kushuka liwe na uwezo mkubwa kuliko pampu, basi. Pampu ikizimwa maji yanafika usawa wa ukingo na kuacha kushuka. Kingine kizuri, ule utando wa mafuta mafuta unaokaa juu ya maji unakuwa wa kwanza kuondoka, na maji ya tangi la juu hayapungui hata kidogo kwa kukauka, upungufu wote unauona kwenye chumba cha pampu kule sampuni.

Sasa pampu ya ukubwa gani? Nitatumia tangi moja la mfano mpaka mwisho ili hesabu zisikuchanganye: urefu sm 120, upana sm 50, kimo sm 50, hilo ni lita 300. Kupitisha maji sampuni mara 5 ya ujazo kwa saa inatosha kabisa, yaani lita 1500 kwa saa. Kuna watu wanataka mara 10 na zaidi, sioni faida, mzunguko mkali wa matumbawe unaupata kwa pampu za mawimbi zinazokaa ndani ya tangi, sio kwa kukimbiza maji sampuni, ukizidisha huku unapata kelele na mapovu tu. Ila kumbuka namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu ni ya kusukuma maji bila kupanda popote, ukishaiwekea kimo cha mita moja na nusu na elbo (viungo vya kona) kadhaa inaweza kubaki na nusu ya hiyo namba. Ukitaka kujua ukweli chukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu, elekeza maji yanayorudi kwenye ndoo, ikijaa kwa sekunde 24 hiyo ni lita 1500 kwa saa.

Urefu wa ukingo nao una hesabu yake, mafundi wengi wanatumia kama lita 100 kwa saa kwa kila sentimita ya ukingo. Kwa lita 1500 unapata sm 15 kama kiwango cha chini, ila mi ningeweka sm 30 au zaidi, manake ukingo ukiwa mrefu maji yanavuka kama utando mwembamba, yanachukua uchafu wa juu vizuri na hayapigi kelele ya maporomoko. Wapo wanaoweka kiboksi kinachokwenda upande mmoja hadi mwingine wa tangi, ni kizuri sana kama nafasi ipo. Meno kwenye ukingo ni kwa ajili ya samaki na konokono wasivuke, ila yanakula urefu, kwa hiyo ukihesabu hesabu nafasi zilizo wazi tu, usihesabu na meno.

Haya, tuje kwenye mabomba, na hapa ndo ntakaa sana.

Bomba moja peke yake, hata uliwekee ile elbo ya juu yenye katundu ka hewa wanayoiita Durso, linafanya kazi, watu wamelitumia miaka mingi. Maji yanashuka yakizunguka ukuta wa bomba na hewa inapita katikati, ule mtindo wa inchi 1 ukikaa chini ya kama lita 2000 kwa saa unatulia kiasi, ukizidisha linaanza kunyonya na kuachia, kunyonya na kuachia. Tatizo langu na huu mtindo sio kelele. Tatizo ni kwamba likiziba, hakuna pa kwenda isipokuwa sakafuni. Kwa tangi la ndani ya nyumba mi simshauri mtu afunge bomba moja, hata tangi liwe dogo.

Mabomba mawili, mtindo unaoitwa Herbie, ndo kiwango cha chini ninachokikubali. Bomba la kwanza ni sifoni kamili, yaani limejaa maji tupu bila hewa, mdomo wake uko chini ndani ya kiboksi na kule chini lina valvu ya kubana. Sababu halina hewa linakuwa kimya kabisa, na linameza maji mengi ajabu, la inchi 1 lenye mporomoko wa sm 70 hivi linapitisha zaidi ya lita 3000 kwa saa bila shida, mara mbili ya tunachohitaji, ndo maana inabidi tulibane. Bomba la pili ni la dharura, mdomo wake uko juu zaidi, halina valvu, na siku za kawaida ni kavu. Unabana valvu ya la kwanza mpaka maji ndani ya kiboksi yapande yafunike mdomo wa sifoni vizuri lakini yasifike kwenye la dharura. Kikwazo kimoja: sifoni haivumilii mabadiliko, pampu ikipungua nguvu kidogo kwa uchafu maji kiboksini yanashuka mpaka sifoni inavuta hewa, inaanza kukoroma. Kwa hiyo wengi wanabana kidogo zaidi ili maji machache sana yateleze kwenye bomba la dharura muda wote, hapo usawa unatulia. Inasaidia kweli, ila ukifanya hivo bomba lako la dharura sio la dharura tena, lina kazi, na chenye kazi huota uchafu.

Ndo tunafika kwenye mabomba matatu, mtindo unaoitwa BeanAnimal, na kama kiboksi chako kina nafasi ya matundu matatu acha kujiuliza funga haya. La kwanza sifoni na valvu yake kama nilivosema. La pili ni bomba la wazi, linapokea yale maji kidogo ambayo sifoni imeyaacha, yanateleza ukutani kimya kimya, na juu yake kuna kofia yenye mrija mwembamba wa hewa, ule wa pampu ya hewa ya milimita 4 kwa 6. Mwisho wa huo mrija unauinamisha ukae juu kidogo ya usawa wa kawaida wa maji ya kiboksini. Siku sifoni ikiziba maji yanapanda, yanafunika ule mrija, hewa inakatika, na lile bomba la wazi lenyewe linageuka kuwa sifoni kamili na kumeza kila kitu. Halafu maji yakishuka mrija unapata hewa, linarudi kuwa la wazi, ndo utasikia likipiga kelele ya kupanda na kushuka, na hiyo kelele uishukuru manake ndo kengele yako. La tatu ni la dharura, mdomo wake uko juu ya ule mrija lakini chini ya ukingo wa juu wa tangi, halina valvu, halina kofia, kavu maisha yake yote. Ili maji yaingie sakafuni inabidi mabomba matatu yazibe kwa wakati mmoja, na hilo kusema kweli sijui litokeeje.

Mpangilio wa urefu usiukosee, kutoka chini kwenda juu ndani ya kiboksi: mdomo wa sifoni, afu usawa ambao bomba la wazi linaanza kupokea, afu mwisho wa mrija wa hewa, afu mdomo wa dharura, afu ukingo wa tangi. Kati ya mdomo wa sifoni na maji ya kawaida acha sm 5 au zaidi, ikiwa karibu sana itatengeneza kimbunga kidogo na kuvuta hewa. Kwa sifoni na bomba la wazi tumia elbo mbili kugeuza mdomo utazame chini, hiyo peke yake inapunguza kimbunga na inafanya uchafu unaoelea usinyonywe moja kwa moja. La dharura liache litazame juu.

Kuhusu kutoboa kioo. Kabla hujagusa drili hakikisha kioo sio tempadi, yaani kile kilichoimarishwa kwa joto, manake kioo cha tempadi hakitoboleki, kinalipuka vipande vipande vidogo hapo hapo. Matangi mengi ya kiwandani kioo cha chini ndo huwa tempadi hata kama pembeni ni vya kawaida. Njia ya kukagua: weka skrini ya kompyuta au simu yenye mwanga mweupe upande mmoja wa kioo, upande mwingine tazama ukiwa umevaa miwani ya jua ya polaraizi, zungusha kichwa kidogo, ukiona madoa au mistari meusi meusi ndani ya kioo hiyo ni tempadi, iache. Kama huna uhakika muulize aliyetengeneza tangi, na asipojua chukulia ni tempadi.

Holisoo, ile drili ya duara ya kukata tundu kubwa, iwe ya almasi, na ukubwa wake unatokana na tanki konekta uliyonunua (kiungo cha plastiki kinachokaa kwenye tundu na kushika bomba), sio na bomba. Konekta ya inchi 1 nyingi zinataka tundu la kama mm 45 hivi lakini kila kiwanda na vipimo vyake, kwa hiyo nunua konekta kwanza, ipime shingo yake kwa kalipa, ndo utafute holisoo. Kutoka kingo ya tundu hadi kingo ya kioo acha angalau upana wa tundu moja, na hivo hivo kati ya tundu na tundu. Toboa spidi ndogo, bila kukandamiza, uzito wa drili yenyewe unatosha, na maji yawepo muda wote, watu wanazungushia ukuta mdogo wa plastisini wanajaza maji ndani. Upande wa pili bandika masking tepu kadhaa ili kile kipande kikikatika kisidondoke na kumega kingo. Kioo cha mm 10 kitakuchukua dakika kadhaa, usiwe na haraka ukikaribia kutokea, hapo ndo vioo vingi hupasuka. Vaa miwani ya kazi, na vumbi lile la kioo usiliache likauke ukalivuta.

Konekta sasa. Ina ule upande mpana na upande wa nati, na ina washa moja, ile pete ya mpira. Washa inakaa chini ya ule upande mpana, kwenye upande wa maji, sio chini ya nati. Watu wanabishana sana hapa ila fikiria mwenyewe, ukiiweka kwenye nati maji yanapita kwenye nyuzi za skrubu kabla hayajakutana na mpira. Usiweke silikoni kwenye washa, inateleza tu na siku ukitaka kufungua utalia. Kaza kwa mkono mpaka ikatae, afu ongeza robo au nusu zamu, tosha. Anayekaza kwa spana ndefu anapasua plastiki au kioo.

Kwenye mabomba ya PVC chunga mchanganyiko wa inchi na milimita. Bomba la inchi 1 lina kipenyo cha nje cha mm 33.4, la mfumo wa milimita linalofanana nalo ni mm 32, ukiyashika mkononi huoni tofauti na linaweza hata kuingia kwenye soketi, ila gundi haizibi hilo pengo na litavuja tu. Chagua mfumo mmoja, nunua kila kitu humo. Na tafadhali hakuna shaba, hakuna koki ya brasi, hakuna nati ya chuma popote panapogusa maji, shaba inaua kamba, konokono na matumbawe kwa kiasi kidogo sana ambacho hata samaki hawakihisi.

Valvu ya sifoni iwe geti valvu, ile ya kuzungusha zungusha, sio bolu valvu ya mkono mmoja. Bolu valvu inafanya kazi ya kufunga na kufungua vizuri, ila kubana kwa kipimo kidogo kidogo haiwezi, ukiisogeza kidogo maji kiboksini yanaruka sentimita kadhaa, utakaa unacheza nayo mpaka uchoke. Geti valvu ni ghali kidogo, ndo kitu kimoja kwenye orodha yote nisichokubali kubania. Iweke chini kiasi karibu na sampu, mahali mkono unafika bila kulala chini ya kabati. Kila bomba liwe na yunioni, kiungo cha kufungulia kwa mkono, chini ya tangi ili siku ya kusafisha ulitoe zima bila kukata. Kona tumia elbo za nyuzi 45 mbili badala ya moja ya 90 pale nafasi inaporuhusu, na usiwe na kipande kinachokwenda mlalo kabisa kwa urefu, hewa inajificha humo na sifoni inachelewa kuanza.

Panga mabomba yote kavu bila gundi kwanza, yasimame hivo hivo, piga mistari ya penseli inayovuka kutoka bomba hadi soketi ili ukirudia ujue kila elbo ilitazama wapi. Kumbuka ikiwa kavu bomba haliingii mpaka mwisho wa soketi, likipakwa gundi linazama zaidi, kwa hiyo pima kina cha soketi yenyewe, vinginevyo kila kitu kitakuwa kifupi kuliko ulivopanga. Ukianza kugundisha fungua madirisha, mvuke wake ni mkali. Prima (kile kimiminika cha kuandaa PVC kabla ya gundi) kwanza pande zote mbili, afu gundi pande zote mbili, sukuma mpaka mwisho huku ukizungusha robo zamu, shikilia nusu dakika bila kuachia manake ina tabia ya kurudi nje. Silikoni hapa haifai, haishiki PVC. Yale mabomba ya kusimama ndani ya kiboksi usiyagundishe kwenye konekta, yasukumie tu kwa nguvu ya mkono, yako ndani ya maji hata yakivuja kidogo hakuna hasara, na utataka kuyatoa kusafisha na kurekebisha urefu. Baada ya hapo acha saa 24 kabla ya maji.

Mwisho wa bomba la sifoni kule sampuni uzame sm 2 au 3 tu chini ya maji. Hii ndogo ndo inawasumbua watu wengi kuliko zote, wanazamisha sm 15 wakidhani itakuwa kimya zaidi, matokeo yake pampu ikiwashwa hewa iliyo bombani inashindwa kusukuma hayo maji ya chini, sifoni haianzi, maji yanapanda mpaka dharura, na mtu anasema mfumo mbovu. Bomba la wazi nalo liguse maji kidogo hivo hivo. La dharura liishie juu ya maji kabisa, ili likifanya kazi usikie maji yanadondoka, ukiwa hata chumba cha pili.

Sasa ule upande wa mafuriko ambao hauhusiani na kuziba: umeme kukatika. Pampu ikizima, maji ya juu yanashuka hadi usawa wa ukingo, na mrija wa kurudisha nao unageuka sifoni ya kinyume mpaka mdomo wake uvute hewa. Kwa tangi letu kila sm 1 ya maji ni lita 6, kwa hiyo yakishuka sm 2 ni lita 12. Ongeza kiboksi, tuseme sm 30 kwa 10, kikishuka sm 10 ni lita 3, na ya kwenye mabomba lita 2 hivi. Jumla lita 17. Sampu ya sm 60 kwa 40 itapanda kama sm 7, hiyo nafasi lazima iwepo muda wote, weka alama ya tepu ya usawa wa juu wa kuendeshea na usijaze zaidi ya hapo hata siku moja. Mdomo wa mrija wa kurudisha uwe karibu na uso wa maji, sm 2 hivi, ukiuzamisha sm 20 utashusha sm 20 za maji. Unaweza pia kutoboa katundu ka mm 5 kwenye mrija chini tu ya uso wa maji kakate sifoni, ila mwani unakaziba, kwa hiyo kawe nyongeza. Valvu ya kuzuia kurudi nayo nyongeza, kwenye maji chumvi chokaa na vidudu vinaota kwenye kile kipande cha kufunga, siku unayoihitaji haifungi.

Na upande wa pili wa hiyo hesabu ambao wengi hawaufanyi. Tuseme mabomba yote yamegoma na pampu inaendelea kupandisha. Itapandisha maji ya chumba chake tu, mpaka iishiwe. Chumba cha pampu kikiwa sm 25 kwa 40 na maji kimo cha sm 20, hiyo ni lita 20. Tangi la juu likiwa na sm 4 za wazi juu ya maji linaweza kupokea lita 24. Umeona? Hata likitokea hilo, sakafu inabaki kavu, unapoteza pampu labda kwa kukauka lakini sio sakafu. Kwa hiyo chumba cha pampu kisiwe kikubwa kuliko nafasi ya wazi juu, na maji ya kujazia yanayoingia yenyewe kufidia ya kukauka yasitoke kwenye pipa kubwa lisilo na kikomo, la sivyo hesabu yote inakufa.

Kwa ambao kioo chao hakitoboleki kuna visanduku vya kuning'iniza vinavyovusha maji kwa mrija wa U juu ya ukingo. Vinafanya kazi mpaka siku mapovu yakijikusanya juu ya ule mrija, sifoni ikakatika, na umeme ukirudi pampu inapandisha bila kushusha. Kama huna njia nyingine kitumie, ila ile hesabu ya chumba cha pampu hapo sio hiari.

Kuwasha mara ya kwanza tumia maji baridi ya kawaida, chumvi subiri. Fungua geti valvu yote. Washa pampu, maji kiboksini yatapanda, utasikia makelele ya kutisha ya hewa ikitoka, dakika moja mbili sifoni inashika na maji yanashuka ghafla. Sasa bana robo zamu, subiri dakika kadhaa, tazama usawa, bana tena. Unatafuta pale ambapo maji yamefunika sifoni vizuri na bomba la wazi linapokea kijimtiririko kidogo tu. Ukifika hapo unasikia kimya, unabaki na mlio wa pampu peke yake. Zima, subiri sampu ipande itulie, washa tena, rudia mara kadhaa, sifoni ianze yenyewe kila mara bila wewe kugusa valvu. Isipoanza, kwanza angalia mwisho wake umezama kiasi gani.

Afu mtihani wenyewe. Funga geti valvu yote kama vile sifoni imeziba, pampu ikiwa inaendelea. Bomba la wazi lazima lishike lote. Kisha ziba na la wazi kwa kitambaa au kofia, la dharura peke yake libebe maji yote ya pampu bila tangi kumwagika. Kama halibebi, pampu ni kubwa mno kwa hayo mabomba, ipunguze, usijidanganye kwamba haitatokea. Acha mfumo utembee saa 24 na karatasi kavu za tishu zikiwa chini ya kila kiungo, tone dogo ambalo jicho halioni tishu inalionyesha.

Ukishaweka chumvi rekebisha valvu upya. Maji chumvi yanatengeneza mapovu madogo madogo mengi zaidi, na wiki za mwanzo utelezi unaota ndani ya mabomba na kubadilisha kasi, usishangae kuzungusha kidogo kila baada ya siku chache, baadae inatulia yenyewe. Nyaya za umeme zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili maji yakitiririka juu ya waya yadondoke kwenye kile kitumbo, yasiingie kwenye umeme. Chumvi inayotambaa na kuganda nyeupe kwenye kiungo ni dalili ya mvujo mdogo, futa, angalia kesho, ikirudi kaza au badilisha washa.

Kila mwezi hivi fungua geti valvu yote sekunde chache ili uchafu uliokwama usukumwe, afu rudisha pale pale, hesabu zamu ulizofungua ndo utajua pa kurudi. Hii pia inazuia valvu isigande kwa chokaa. Kila baada ya miezi michache toa yale mabomba ya kusimama, utakuta sponji, minyoo ya mirija na konokono wadogo wamehamia humo, loweka kwenye siki mpaka chokaa iyeyuke, suuza, rudisha. Ule mrija mwembamba wa hewa upulize kwa mdomo kila ukipita, mrija huo ukiziba, bomba la wazi linageuka sifoni bila sababu na tangi linaanza kukoroma, wengi wanakimbilia valvu wakati shida ni kautando ka chumvi kwenye mrija wa mm 4.